Ukuta umeota ukungu kwenye fleti mpya, na mkataba ni wa mwaka mzima. Nihame?

Shikamoo Mama,

Nakuandikia saa sita usiku. Mwanangu amelala sebuleni juu ya godoro kwa sababu chumba chake kimetushinda.

Miezi 2 iliyopita tulihamia kwenye fleti mpya kabisa, ghorofa ya 9, sisi ndio wapangaji wake wa kwanza. Siku tuliyokwenda kuiona vitasa vya milango vilikuwa bado vimefungwa nailoni. Nilimwambia mume wangu: hapa hajawahi kulala mtu kabla yetu, hakuna kunguni, hakuna masizi ya wengine jikoni. Tangu niolewe nimepanga nyumba zilizochoka, hii niliiona kama zawadi. Yeye alitaka tuzungukezunguke kwanza, mimi ndiye niliyeng'ang'ania. Tulilipa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo pamoja na amana ya mwezi mmoja, tukasaini mkataba wa mwaka. Ilikuwa jioni, umeme wa jengo ulikuwa haujaunganishwa, vyumba tulivikagua kwa tochi ya simu.

Wiki ya tatu nilivuta kitanda cha mtoto ili nifagie, nikakuta ukutani madoa meusi, madogo madogo kana kwamba mtu amenyunyiza wino, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti langu. Nikafuta kwa kitambaa na sabuni. Baada ya siku 4 yakarudi. Ukuta huo upande wa pili ni bafu. Mtoto ana miaka 3, na sasa anakohoa kila usiku. Mchana ni mzima, anacheza.

Kuna mengine. Ukifungua makabati ya jikoni unapokewa na harufu kali inayowasha macho. Bafu la pili, ambalo hatulitumii, linanuka kama chemba ya maji machafu, hasa asubuhi. Mlango wa chumba chetu ulikuwa unafunga vizuri, siku hizi unakwama mpaka uusukume kwa bega. Juu ya dirisha la sebule kumetokea ufa mwembamba kama unywele. Bomba la jikoni linatoa maji kidogo wakati la bafuni linatoka kwa nguvu.

Jengo lenyewe halijaisha. Juu yetu ghorofa 3 bado zinatiwa vigae na kupakwa rangi, wanaanza kutoboa saa moja asubuhi. Lifti imepigwa mbao ndani kwa sababu wanapandishia saruji, mara nyingi tunaambiwa tusubiri. Ngazi zipo mbili lakini ya nyuma imejaa maboksi ya vigae na mlango wake wa chini umefungwa mnyororo, kwa hiyo sote tunapanda ya mbele. Nimeshazoea, ingawa kubeba mtoto na mizigo hadi ghorofa ya 9 si mchezo.

Mwenye nyumba wetu si aliyejenga. Aliinunua fleti hii kwa kampuni ya ujenzi, na yeye anaishi mbali. Nikimpigia ananijibu kwa upole kabisa: "Nyumba mpya huwa hivyo, itakauka yenyewe." Nikimfuata msimamizi wa kampuni hapo chini, ananiambia hana mkataba na mimi, niongee na mwenye nyumba. Juzi mwenye nyumba alinitumia picha ya kifungu cha mkataba: "Mpangaji ameikagua nyumba na kuridhika nayo." Sahihi ni yangu, siwezi kukataa.

Mume wangu anasema kuna njia mbili: tuhame sasa na tupoteze kodi iliyobaki, au tukae na miezi 6 ikiisha tusilipe hata senti mpaka watengeneze. Mimi sijui kipi ni cha nyumba mpya na kipi ni kibovu. Naogopa kumkimbiza mtoto kwa kitu ambacho kingekauka, na naogopa zaidi kumlaza kwenye kitu kinachomdhuru. Nisaidie.

Mpangaji wa ghorofa ya 9

*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana, wewe na mtoto.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama palepale: sentensi moja uliyoipitisha haraka katikati ya habari za lifti, kwamba ngazi ya nyuma imejaa vigae na mlango wake una mnyororo. Umeniuliza juu ya ukungu, na nitaufikia. Ila hili la ngazi halingoji.

Unakaa ghorofa ya 9 na mtoto wa miaka 3. Moto ukitokea lifti haitumiki, kwa maana umeme unaweza kukatika mkakwama ndani, na shimo la lifti nalo hupandisha moshi. Zinabaki ngazi peke yake. Jengo refu hujengewa ngazi 2 ili moja ikijaa moshi watu washukie nyingine. Jengo la Grenfell Tower la London lilikuwa na ghorofa 24 na ngazi moja. Moto wa Juni 2017 uliua watu 72. Ninyi mmejengewa 2, mkaachiwa 1, tena ndani ya jengo ambalo juu yenu bado kuna mafundi, makopo ya rangi na marundo ya maboksi ya karatasi. Nimesimamia majengo ya kupangisha kwa miaka mingi na sijawahi kulichukulia jambo hili kwa wepesi.

Kesho asubuhi shuka kwa ngazi ya nyuma mpaka pale utakapozuiwa. Piga picha ya maboksi, ya mnyororo na ya kufuli. Zitume kwa msimamizi wa kampuni na kwa mwenye nyumba katika ujumbe mmoja, ili asitokee wa kusema hakuambiwa. Waombe majirani nao watume. Wape saa 24. Zikipita bila kufunguliwa, peleka picha hizo zimamoto. Kwa hili huhitaji ruhusa ya mwenye nyumba wala mwanasheria, na kile kifungu cha "ameridhika" hakihusiki hata kidogo. Ukiwa kwenye ngazi ya mbele, angalia kama milango yake inajifunga yenyewe na kama kuna mtu aliyeizuia kwa tofali. Likiwepo, liondoe: mlango ule ndio unaozuia moshi usijae ngazini.

Nina mambo mawili ya usalama yanayohitaji dakika 5 tu. Kwenye sanduku la umeme la fleti yako, tafuta swichi yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T au TEST. Kibonyeze mchana: umeme ukatike hapohapo. Kifaa hicho ndicho kinachokata umeme pale mtu anapopigwa shoti, na kwa kuwa ulisaini umeme ukiwa haujaunganishwa, hukukiona kikifanya kazi. Usipokatika, au ukikuta kifaa hicho hakipo kabisa, aitwe fundi umeme siku hiyohiyo. La pili ni roshani, kama mnayo. Pima nafasi kati ya nondo na nondo. Kanuni za ujenzi katika nchi nyingi hutaka mpira wa kipenyo cha sentimita 10 usiweze kupenya, kwa sababu kichwa cha mtoto mdogo hupita kwenye uwazi mkubwa kuliko huo. Ikizidi, mlango wa roshani uwe na kufuli kuanzia leo.

Sasa twende kwenye ukuta.

Mwenye nyumba wako hajakudanganya kabisa. Nyumba mpya imejaa maji. Zege, lipu, saruji ya kushikilia vigae na rangi vyote vilikorogwa kwa maji. Sehemu ya maji hayo huungana na saruji na kuwa jiwe, yaliyobaki lazima yatoke hewani. Watu husikia kwamba zege hukamilika siku 28, lakini zile ni siku za kupata nguvu. Kukauka ni hesabu nyingine. Mafundi wa sakafu hukadiria siku moja kwa kila milimita, tena kwa sentimita 5 za kwanza tu na hewa ikiwa inapita vizuri, zaidi ya hapo mwendo hupungua. Zege lenye unene wa sentimita 15 au 20 linaweza kutoa unyevu kwa miezi mingi baada ya rangi kukauka. Kampuni ikiwa na haraka ya kukabidhi funguo, mpangaji wa kwanza ndiye anayemalizia kulikausha jengo kwa mapafu yake.

Kwa hiyo "itakauka yenyewe" inaweza kuwa kweli. Inaweza pia kuwa maneno ya mtu anayeishi mbali. Ukuta wenu umepakana na bafu, madoa yanaanzia sakafuni kwenda juu, na yanaishia usawa wa goti. Unyevu wa ujenzi kwa kawaida hausogei kona moja ukaziacha nyingine tatu. Kitanda kilichobanwa ukutani kinaweza kuwa sababu, maana hewa haipiti nyuma yake. Bomba linalovuja au bafu lisilozuia maji chini ya vigae linaweza kuwa sababu nyingine. Kwa macho tu mimi siwezi kukuamulia, na yeye hawezi. Ukuta upimwe.

Chukua kipande cha nailoni nzito inayoona, karibu nusu mita kwa nusu mita. Futa ukuta ukauke, kisha ubandike kwa utepe mpana wa gundi pande zote 4, kusiachwe mwanya hata wa ukucha. Bandika kimoja pale penye madoa na kingine kwenye ukuta mwingine wa chumba hichohicho, usiopakana na maji. Acha tangu alasiri hadi asubuhi, isipungue saa 16. Asubuhi kabla hujabandua, pitisha kidole juu ya nailoni. Ikiwa upande wako ndio wenye majimaji, unyevu unatoka kwenye hewa ya chumba: pumzi, nguo zinazoanikwa ndani, mvuke wa bafu. Ikiwa matone yako ndani, kati ya nailoni na ukuta, unyevu unatoka ukutani. Vipande vyote viwili vikilowa kwa ndani, jengo bado linakauka. Kikilowa kile cha upande wa bafu peke yake, maji yanaingia ukutani kutoka mahali fulani. Piga picha za vyote kabla ya kuvibandua.

Usiku unaofuata, funga mabomba yote, hakikisha tangi la choo limejaa na kutulia, kisha piga picha ya namba za mita yenu ya maji. Mtu asifungulie maji mpaka alfajiri, halafu piga tena. Namba zikiwa zimesogea, kuna bomba linalovuja kwenye mstari wenu. Zikiwa palepale, usishangilie bado: mita haioni bomba la kutoa maji machafu, wala haioni maji yanayopenya chini ya vigae mnapooga. Kwa hilo kuna kipimo cha mafundi, nacho ni haki yako kukidai: tundu la bafu linazibwa, sakafu inajazwa maji ya kina kidogo, inaachwa saa 24 huku ukuta wa chumba na dari la jirani wa chini vikitazamwa. Tabaka la kuzuia maji hupimwa hivi kabla vigae havijawekwa. Muulize msimamizi kama bafu lenu lilipimwa, na aijibu kwa maandishi.

Mtoto asirudi kwenye chumba hicho mpaka majibu yapatikane. Umefanya vizuri kumhamishia sebuleni, usijione umeshindwa. Mpeleke kwa daktari na umweleze habari ya ukungu na ya nyumba mpya, maana kikohozi cha usiku kinachopotea mchana ni jambo analopaswa kulisikia kutoka kwako. Hayo madoa, kama eneo lote halizidi mita 1 ya mraba, unaweza kuyasafisha kwa maji na sabuni, ukiwa umefunika pua na mdomo na dirisha likiwa wazi, kisha ukaushe ukuta kabisa. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya usafi, hutoa gesi ya sumu. Na mtu asikushawishi kupaka rangi juu yake. Nimeona rangi mpya ikivimba kama malengelenge kabla ya miezi 2, ukungu ukiwa umeendelea chini yake.

Kitanda na makabati yakae mbali na ukuta, upana wa kiganja unatosha. Fungua madirisha ya pande mbili kwa wakati mmoja, dakika 15 asubuhi na 15 jioni. Dirisha moja likiachwa na upenyo mdogo siku nzima halifanyi kazi hiyo. Kuna vipimo vidogo vya unyevu wa hewa ambavyo si ghali. Hewa ya ndani ikikaa chini ya asilimia 60 ukungu hupata shida kuota. Kipimo hicho kitakusaidia pia siku mtu atakapodai mnaanika nguo ndani.

Harufu ya makabati ni habari tofauti. Makabati mengi ya siku hizi hutengenezwa kwa mbao za unga uliogandishwa kwa gundi, na gundi nyingi za aina hiyo hutoa gesi iitwayo fomaldehidi. Ndiyo inayowasha macho na koo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka mwaka 2004 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na hofu hiyo inawahusu hasa wafanyakazi wanaoivuta kwa wingi na kwa miaka. Kwako nasema tu usiivumilie bila kufanya kitu. Gesi hutoka kwa wingi miezi ya mwanzo na huzidi kukiwa na joto na unyevu, kwa hiyo kupitisha hewa kunasaidia mara mbili. Acha milango ya makabati wazi mnapotoka, dirisha la jikoni likiwa wazi. Ingia ndani ya kabati na tochi utafute kingo zilizokatwa zikaachwa bila kufunikwa, mara nyingi nyuma ya sinki pale bomba linapopita. Fundi azizibe kwa utepe wa kingo au vanishi. Na manukato ya kufukiza msiyatumie, mtakuwa mnaongeza kemikali juu ya kemikali. Harufu ikiwa kali vilevile baada ya miezi 2 mingine ya kupitisha hewa, iandike kama kasoro.

Bafu la pili ndilo rahisi kuliko yote, pengine utalimaliza leo. Chini ya kila tundu la maji kuna bomba lililopinda kama herufi U, na katika mpindo huo hukaa maji ambayo kazi yake ni kuzuia hewa ya mfereji isipande. Bafu lisipotumika maji hayo hukauka. Mimina ndoo ya maji kwenye tundu la sakafu, fungulia sinki, vuta choo. Harufu ikiisha, umepata jibu: fanya hivyo kila wiki, na juu ya maji ya tundu la sakafu dondosha kijiko cha mafuta ya kupikia ili yasikauke haraka. Harufu ikirudi ndani ya saa chache, bomba halina pumzi ya kutosha au mpindo haukuwekwa kabisa. Hapo ni kazi ya kampuni. Kwa bafu hilo hilo, usiache maji yalale ndani ya mabomba wiki nzima. Maji ya vuguvugu yaliyosimama huzalisha bakteria wa Legionella, ambao huingia mapafuni kwa matone madogo sana yanayorushwa na bafu la manyunyu. Ukiifungulia manyunyu baada ya muda mrefu, yaache yatiririke dakika kadhaa na wewe uwe nje ya mlango.

Bomba la jikoni: fungua kile kichujio kidogo kwenye mdomo wake, ukigeuze chini kwenye kiganja. Ningeshangaa usipokuta mchanga na vipande vya plastiki, huwa vinabaki ndani ya mabomba tangu ujenzi. Mlango unaokwama umevimba kwa unyevu. Usikubali upigwe randa sasa, ukikauka utabaki na mwanya. Ufa mwembamba kama unywele juu ya dirisha, lipu inaposinyaa, ni jambo la kawaida. Weka alama ya penseli pale ufa unapoishia kila upande, andika tarehe pembeni. Ukivuka alama zako na kuendelea kupanuka, au ukienda mshazari na kutokea upande wa pili wa ukuta, aitwe mhandisi.

Nije kwa mwenye nyumba, maana naona umeanza kumhesabu kama adui. Mimi namwona kama mtu ambaye hajaelewa kwamba saa yake inakwenda. Majengo mapya huwa na kipindi cha kasoro, mara nyingi miezi 6 au 12 tangu kukabidhiwa, ambacho aliyejenga analazimika kurekebisha kwa gharama yake. Kuna hata sehemu ya malipo ya mkandarasi, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, inayozuiliwa kwa ajili hiyo. Kipindi kikipita ukuta huo unakuwa wake, kwa fedha yake. Wewe unakaa ndani ya mali yake na unaona anachoshindwa kukiona akiwa mbali. Msimamizi anaposema hana mkataba na wewe anasema kweli. Mkataba anao na mwenye nyumba, na yeye ndiye anayepaswa kugonga mlango ule. Usimpigie simu. Mwandikie hivi, kwa maneno yako:

"Tarehe fulani niliona ukungu kwenye ukuta wa chumba cha mtoto unaopakana na bafu. Niliusafisha, ukarudi baada ya siku 4. Nimefanya kipimo cha nailoni na cha mita, picha nimeambatanisha. Naomba kampuni iliyojenga ije kupima bafu kwa maji ya saa 24 kabla ya tarehe fulani. Kipindi chako cha kasoro kikiisha kabla ya kazi hii, gharama itakuangukia wewe, ndiyo maana nakuandikia sasa. Naomba pia unitumie nakala ya kibali cha jengo kukaliwa. Chumba hiki hakitumiki tangu tarehe fulani, na ningependa tuzungumze kuhusu punguzo la kodi kwa muda huo."

Kibali hicho hutolewa na mamlaka ya jiji baada ya ukaguzi, jina lake hutofautiana nchi na nchi. Baadhi ya majengo huruhusiwa kukaliwa kwa awamu wakati ghorofa nyingine zinaendelea, kwa hiyo kelele za juu peke yake si ushahidi wa uvunjaji wa sheria. Lakini akisitasita kukituma, nenda ukaulize mwenyewe ofisi ya majengo ya jiji. Jibu la huko linaweza kuubadilisha mkataba wenu wote.

Kile kifungu kisikunyamazishe. Umeridhika na ulichoweza kukiona. Bomba lililo ndani ya ukuta huwezi kuliona kwa tochi ya simu wala kwa jua la mchana. Sheria za mahali pengi humtaka mwenye nyumba akupe nyumba inayokalika, haijalishi ulisaini nini, ila hili lithibitishe kwa mwanasheria au chama cha wapangaji hapo ulipo. Wakati huohuo tengeneza sasa orodha ambayo hukuifanya siku ile: chumba kwa chumba, picha, tarehe. Itume kwa mwenye nyumba leo. Itakulinda siku ya kudai amana.

Mwambie mume wako asizuie kodi kwa uamuzi wake mwenyewe. Namwelewa, hasira yake ni ya haki. Lakini mahali pengi mpangaji anayeacha kulipa bila utaratibu ndiye anayegeuka mkosaji, na ukungu wote unasahaulika mbele ya deni. Kuna njia zinazokubalika, kama kupunguziwa kwa makubaliano yaliyoandikwa au kulipa kodi mahakamani. Hizo zitafuteni kabla miezi 6 haijaisha.

Na kuhama? Ngazi ikibaki imefungwa baada ya zimamoto kuarifiwa, nisingelala humo wiki ya pili. Nailoni ikionyesha jengo linakauka tu, na daktari akiwa hana shaka, ningekaa, madirisha wazi, nikadai punguzo. Ikionyesha maji yanatoka bafuni, wape wiki 3 za kuanza kazi; wasipogusa, mtakuwa na barua, picha na tarehe za kutosha kuomba kuvunja mkataba na kurudishiwa kodi ya miezi isiyotumika. Leo hii mkihama mtaondoka mikono mitupu.

Huyo aliyeng'ang'ania fleti mpya alitaka mwanawe alale mahali safi. Usimseme vibaya tena. Bandika nailoni, na ukishaibandua niandikie uniambie matone yalikuwa upande gani.